Losartani ya miligramu 50 inayouzwa Bukavu: kazi yake kwenye neva na mishipa ya damu, na siku isipofaa kumezwa

Ukiomba dawa ya tansio katika farmasi ya Nyawera, ya Kadutu au ya Panzi, mara nyingi utawekewa mezani kaptoprili, enalaprili au losartani. Zote tatu zinapambana na homoni moja, anjiotensini ya pili. Kaptoprili na enalaprili zinazuia isitengenezwe. Losartani inaiacha itengenezwe, kisha inaifungia mlango wa kuingilia. Hapa tunaipima losartani ya miligramu 50, ile ya jenereki, kwa sababu kati ya hizo tatu ndiyo tunayoiona inamfaa zaidi mtu anayemeza dawa nyumbani bila kulazwa, na kwa sababu maelezo anayopewa mnunuzi ni mafupi mno. "Inafungua mishipa," anaambiwa, basi. Ni kweli inafungua. Lakini sehemu ya kazi hiyo inaifanya kwa kupunguza nguvu za neva zinazoibana mishipa, na asiyeambiwa hilo hataelewa kwa nini dawa hii haimdundishi moyo, wala kwa nini siku ya kuharisha sana au ya kupasuliwa inaweza kumtia hatarini.

Neva inavyobana mshipa, na homoni inavyoisaidia

Ukuta wa ateri una misuli laini. Juu ya misuli hiyo, kwenye mpaka wa tabaka la kati na la nje, zimetambaa nyuzi za neva za simpathetiki, zile zinazofanya kazi bila mtu kuamua. Uzi wa neva hiyo hauishii mahali pamoja. Una vivimbe vidogo njia nzima, kama shanga kwenye uzi, na kila kivimbe kimejaa vifuko vya noradrenalini. Msukumo wa umeme unapopita, baadhi ya vifuko vinafunguka, noradrenalini inamwagika kwenye nafasi ndogo kati ya neva na msuli, inashika vipokezi (milango ya kupokelea ujumbe) vya alfa-1, kalsiamu inapanda ndani ya seli na msuli unajikaza. ATP na neuropeptidi Y zinatoka pamoja nayo na kuongeza mbano. Kisha noradrenalini nyingi inafyonzwa kurudi ndani ya neva ileile.

Kiasi kinachomwagika hakiamuliwi na msukumo peke yake. Kwenye kivimbe chenyewe kuna vipokezi vya kupunguza na vya kuongeza. Alfa-2 inapunguza: noradrenalini ikijaa nje, inaigusa, na mmwago unaofuata unakuwa mdogo. AT1, ule mlango wa anjiotensini ambao losartani inaufunga, inaongeza: anjiotensini ikiigusa, msukumo uleule unatoa noradrenalini nyingi zaidi. Kwa hiyo anjiotensini ina njia mbili za kubana ateri. Moja ni ya wazi, kugusa AT1 zilizo juu ya msuli. Nyingine imejificha, kuichochea neva imwage zaidi. Juu ya hayo inagusa sehemu za ubongo zisizo na kizuizi cha kawaida kati ya damu na ubongo, na kutoka huko amri za simpathetiki zinaongezeka. Inaiamuru pia tezi ya adrenali kutoa aldosteroni, inayoifanya figo ibakize chumvi.

Homoni hii inatoka wapi? Ini linatoa protini iitwayo anjiotensinojeni. Figo inatoa kimeng'enya cha renini, kinachoikata na kubakiza kipande cha amino asidi 10. Kimeng'enya kingine, ACE, kinachopatikana kwa wingi kwenye mishipa ya mapafu, kinaondoa mbili, na zile 8 zinazobaki ndizo anjiotensini ya pili. Katika damu haidumu hata dakika mbili kabla ya kuvunjwa, na kwa hiyo mwili unaitengeneza muda wote.

Sasa tazama mduara ulipo. Neva ya simpathetiki inayofika kwenye figo inagusa vipokezi vya beta-1 na kuamuru renini itoke. Neva inaiita homoni, homoni inarudi kuipa neva nguvu. Mtu mwenye ugonjwa wa figo au moyo uliochoka anaishi ndani ya mduara huo usiku na mchana. Losartani inaukata sehemu kadhaa kwa pamoja: juu ya msuli, kwenye kivimbe cha neva, kwenye adrenali.

Faida unayoweza kuipima: mapigo ya moyo

Dawa nyingi zinazolegeza mishipa zina kasoro moja. Tansio ikishuka ghafla, vipimo vya mwili vilivyo kwenye ateri za shingo na kwenye aota vinashtuka, simpathetiki inaamka, moyo unaenda mbio. Ndivyo inavyokuwa kwa hidralazini na kwa nifedipini ya muda mfupi. Mgonjwa analalamika moyo unamdunda na kichwa kinamgonga, anaacha dawa. Losartani, kaptoprili na enalaprili zinashusha tansio bila kuyapandisha mapigo kwa kiasi cha kusumbua, na sababu kubwa ni hiyo ya kuutuliza upande wa neva.

Jambo hili limewahi kupimwa kwa sindano ndani ya neva ya mguu, kwa watu wenye figo zilizoharibika. Utafiti wa Utrecht, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba enalaprili ilipunguza misukumo ya simpathetiki kwa wagonjwa hao, na amlodipini, dawa nyingine ya tansio inayolegeza mishipa, iliiongeza, ingawa zote mbili zilishusha tansio. Hiyo haimaanishi amlodipini ni dawa mbaya. Ni dawa nzuri sana kwa watu wetu, na tutairudia. Inaonyesha tu kwamba namba ileile kwenye tansiometa inaweza kufikiwa kwa njia mbili zisizofanana.

Lakini tusizidishe sifa. Kwa mtu mwenye figo nzima, anayekula chumvi nyingi, anjiotensini yake iko chini tangu mwanzo, na athari ya losartani kwenye neva inakuwa ndogo. Katika majaribio ya panya, ambapo uti wa mgongo unachochewa kwa umeme ili neva zote zibane mishipa kwa wakati mmoja, dawa za ukoo wa losartani zilipunguza kupanda kwa tansio, ila kiasi kilichohitajika kufika kwenye neva kilikuwa kikubwa kuliko kinachotosha kwenye msuli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 eprosartani, ndugu yake losartani, ilisifiwa kwamba yenyewe inagusa neva na losartani haigusi. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba dawa nyingine za ukoo huo nazo zinagusa, mradi kipimo kiongezwe. Kwa hiyo mtu akikuuzia aina ya bei kubwa kwa hoja kwamba "hii inatuliza neva zaidi", hiyo si sababu ya kutoa pesa zako.

Losartani ikilinganishwa na kaptoprili

Kaptoprili ni mama wa dawa hizi. Asili yake ni uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili, jararaka, uliofanywa na Sérgio Ferreira katika miaka ya 1960. Watafiti Ondetti na Cushman wakatengeneza kidonge, na kikaruhusiwa Marekani mwaka 1981. Kinafanya kazi haraka na kinakatika vizuri katikati. Tatizo ni maisha ya kila siku. Nusu ya dawa inatoka mwilini kwa saa 2 hivi, kwa hiyo inamezwa mara 2 au 3 kwa siku, na inatakiwa kumezwa saa 1 kabla ya chakula kwa kuwa chakula kinapunguza kiasi kinachoingia kwenye damu. Kwa mtu anayetoka nyumbani Bagira saa 12 asubuhi na kurudi usiku, dozi ya mchana ndiyo inayosahaulika. Ukifungua plakete ya kaptoprili utasikia harufu kidogo ya salfa, kama yai lililoanza kuharibika. Hiyo ni ya kawaida kwa sababu dawa yenyewe ina salfa, msiitupe kwa ajili hiyo. Harufu kali sana pamoja na kidonge kilicholainika au kubadilika rangi ni jambo lingine, hicho kirudishwe.

Kikohozi ndicho kinachowashinda wengi. ACE, kile kimeng'enya ambacho kaptoprili na enalaprili zinakifunga, ndiyo pia inayovunja bradikinini, kemikali ya mwili inayochokoza njia ya hewa. Ukiifunga, bradikinini inajaa, na karibu mtu 1 kati ya 10 anapata kikohozi kikavu kisichokoma, kinachozidi usiku. Hapa kwetu kikohozi cha wiki tatu kinampeleka mtu kupimwa kifua kikuu, na ni sawa apimwe, ila munganga aulize kwanza orodha ya dawa. Kibaya zaidi ni kuvimba midomo, ulimi na koo, hali inayowapata watu weusi mara nyingi kuliko wengine. Aliyevimba namna hiyo baada ya kaptoprili au enalaprili asizimeze tena maishani. Losartani haigusi bradikinini kwa njia hiyo, kwa hiyo kikohozi ni nadra na kuvimba ni nadra zaidi, ingawa aliyewahi kuvimba anahitaji uangalizi hata akihamia losartani.

Losartani yenyewe iliruhusiwa Marekani mwaka 1995. Ikifika kwenye ini, sehemu yake inageuzwa kuwa kitu kingine chenye nguvu mara 10 hadi 40 kuliko chenyewe, na hicho ndicho kinachoifanya idumu: losartani inapungua nusu kwa saa 2 hivi, mtoto wake kwa saa 6 hadi 9. Ndiyo maana kidonge kimoja kwa siku kinatosha wengi, kabla au baada ya chakula. Ila si wote. Kwa wengine nguvu inakatika alfajiri, wakati mwili wenyewe unaamsha simpathetiki kwa ajili ya kuamka. Dalili yake ni tansio nzuri mchana na ya juu asubuhi kabla ya kumeza. Ikiwa hivyo, munganga anaweza kugawa dozi, miligramu 50 asubuhi na 50 jioni, au kuhamia telmisartani, inayopungua nusu kwa saa 24 hivi na inayomezwa miligramu 40 au 80 mara moja.

Faida ndogo ambayo haitajwi: losartani inaisaidia figo kutoa asidi ya yuriki. Ndugu zake wa karibu hawana tabia hiyo. Kwa mwenye gauti, anayevimba kidole gumba cha mguu baada ya nyama na bia, hii ni sababu ya kutosha ya kuichagua.

Kuhusu bei, usiulize ya plakete, uliza ya siku 30. Kaptoprili ya miligramu 25 mara 3 kwa siku ni vidonge 90 kwa mwezi, losartani ni 30.

Chumvi inavyoua nguvu ya dawa

Hapa ndipo wengi wanaposema "losartani haifanyi kazi". Dawa inayozuia homoni inafanya kazi pale homoni ilipo. Mtu anayekula makayabo, sambaza zilizokaushwa kwa chumvi na mchuzi wenye vipande vya viungo vya dukani kila siku, figo yake inaona chumvi imejaa na inaacha kutoa renini. Anjiotensini inashuka. Losartani inakuta mlango ambao hakuna anayeubisha, na tansio inabaki juu kwa sababu ya maji na chumvi. Watu weusi wengi wana renini ya chini hata bila hayo, na ndiyo maana losartani peke yake inatushushia tansio kidogo kuliko inavyowashushia wazungu.

Dawa yake ni kuishusha chumvi, au kuongeza dawa ya kukojoza, hidroklorotiazidi miligramu 12.5. Maji na chumvi vikipungua, renini inapanda, na losartani inapata kazi. Njia ya pili ni amlodipini. Utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, uliofanywa kwa watu weusi 728 katika nchi sita za Afrika zikiwemo Uganda na Kenya, ulionyesha kwamba mchanganyiko wowote wenye amlodipini ulishusha tansio zaidi kuliko ule usio nayo, yaani perindoprili na hidroklorotiazidi. Perindoprili ni ya ukoo wa enalaprili. Kwa maoni yetu, mgonjwa wa Bukavu mwenye tansio ya 16 kwa 10 (ndivyo wauguzi wetu wanavyoisoma, maana yake 160 kwa 100) asianzishiwe losartani peke yake kisha aachwe miezi mitatu akisubiri. Aongezewe amlodipini miligramu 5 mapema, au kidonge kimoja chenye dawa mbili. Losartani inaleta jambo moja zuri katika ndoa hiyo: inatuliza simpathetiki ambayo amlodipini inaiamsha, na inapunguza uvimbe wa miguu ambao amlodipini inausababisha.

Kuanza, kupima, kungoja

Mtu mzima anaanza na miligramu 50 mara moja kwa siku. Anaanza na 25, yaani nusu kidonge kama kina mstari wa kukatia, akiwa na ini bovu, akiwa mzee sana, au akiwa tayari anameza dawa ya kukojoza. Mwisho ni 100. Nguvu kamili inaonekana kati ya wiki 3 na 6, kwa hiyo kubadilisha dawa baada ya siku 5 ni kupoteza pesa.

Siku za kwanza ndizo za kizunguzungu. Mtu akisimama, karibu nusu lita ya damu au zaidi inashuka miguuni, na katika sekunde chache neva zinatakiwa kuibana mishipa ili ubongo usikose damu. Losartani haizimi kitendo hicho, inakipunguza tu makali. Prazosini, inayofunga alfa-1 yenyewe, inaweza kumwangusha mtu kwa dozi ya kwanza. Losartani mara chache sana, isipokuwa kwa aliyekaukiwa maji. Kupima ni rahisi: lala dakika 5, pima. Simama, pima baada ya dakika 1 na tena dakika 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, mwambie munganga kabla ya kuongeza dozi.

Kwa kipimo cha kila siku, Bukavu ina ugumu wake, ni milima mitupu. Aliyepanda kutoka kando ya ziwa hadi Kadutu akakaa na kupimwa papo hapo amepima kile kilima, si tansio yake. Akae dakika 5 kamili, mgongo umeegemea, miguu haikupishana, mkono juu ya meza kwa usawa wa moyo, mfuko wa tansiometa juu ya ngozi na si juu ya shati. Chumba kikiwa na baridi, ajifunike kwanza, maana baridi inaamsha neva zilezile na kubana mishipa ya ngozi. Apime mara 2, dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya kumeza kidonge. Namba ya kabla ya kidonge ndiyo inayosema kama dawa ya jana imedumu saa 24. Nyumbani mpaka ni 135 kwa 85.

Wiki 1 hadi 2 baada ya kuanza, damu ipimwe kreatinini (taka inayotolewa na figo) na potasiamu. Kreatinini ikipanda hadi asilimia 30 inavumilika, ikizidi hapo kuna tatizo kwenye figo au kwenye mishipa yake. Potasiamu ikizidi 5.5 dawa inapunguzwa au kusimamishwa. Tahadhari moja ya hapa kwetu: chupa ya damu iliyotikiswa kwenye pikipiki kutoka zahanati hadi labo, au iliyokaa saa nyingi bila kutenganishwa, chembe zake zinapasuka na potasiamu inatoka juu kwa uongo. Maji ya damu yakionekana mekundu, kipimo kirudiwe kabla ya kumtisha mgonjwa. Ndizi, maharagwe, parachichi na lengalenga si adui kwa mwenye figo nzima. Ni adui kwa mwenye figo iliyochoka, na chumvi mbadala yenye potasiamu ni adui mkubwa zaidi.

Siku ambazo isimezwe

Kuharisha na kutapika. Kandokando ya ziwa kipindupindu hakijawahi kuwa mgeni, na malaria nayo inatapisha. Mwili ukikosa maji, unabaki hai kwa mbano: neva zinabana, renini inapanda, anjiotensini inabana hasa mshipa unaotoa damu kwenye chujio la figo ili shinikizo la kuchujia libaki. Losartani inaiondoa kinga hiyo wakati inahitajika kuliko siku zote, na figo zinaweza kusimama ndani ya siku mbili tatu. Kwa mwenye ugonjwa wa tansio peke yake, bila moyo uliochoka: acha losartani siku unayoharisha au kutapika sana, kunywa maji ya chumvi na sukari yaliyotayarishwa kwa pakiti, na rudia dawa saa 24 hadi 48 baada ya kula na kunywa vizuri. Mwenye moyo uliochoka asiamue peke yake, apige simu kwa munganga wake siku hiyohiyo. Kuiacha kwa siku chache hakurushi tansio juu kwa ghafla kama klonidini inavyofanya.

Kupasuliwa. Tansio inashikiliwa na nguzo tatu: neva za simpathetiki, anjiotensini, na vasopresini, homoni nyingine inayobana mishipa. Dawa ya usingizi, na zaidi sindano ya mgongo, inaiangusha nguzo ya kwanza. Losartani imekwisha kuilegeza ya pili. Inabaki moja. Tansio inaporomoka, na efedrini, ambayo wauguzi wengi wa usingizi wanaikimbilia, haitoi jibu zuri kwa kuwa kazi yake kubwa ni kuifanya neva imwage noradrenalini. Inabidi kutumia zinazogusa msuli moja kwa moja, fenilefrini au noradrenalini yenyewe, na zikishindwa, vasopresini au terlipresini kama ipo. Hospitali ambayo haina dawa hizo kwenye kabati ina sababu ya ziada ya kumuuliza mgonjwa mapema. Utafiti mkubwa wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2024 uliona kwamba walioendelea na dawa hizi hadi siku ya upasuaji hawakupata madhara makubwa kuliko walioziacha, ila tansio yao ilishuka zaidi mezani. Pale kwenye vifaa vyote, mtu anaweza kuchagua. Pale kwenye efedrini peke yake, sisi tunasema iachwe saa 24 kabla. Upasuaji ukiwa Alhamisi asubuhi, anayemeza asubuhi anamaliza Jumatano asubuhi, anayemeza usiku anamaliza Jumanne usiku. Irudishwe ndani ya siku 2 tansio ikiwa imetulia na mgonjwa anakunywa.

Mimba. Hapa hakuna majadiliano. Kuanzia mwezi wa nne losartani, kaptoprili na enalaprili zinaziharibu figo za mtoto tumboni, maji ya uzazi yanakauka, mifupa ya kichwa haikui vizuri. Mwanamke anayepanga mimba abadilishiwe mapema, na aliyegundua ana mimba aache siku hiyo na aende kubadilishiwa: metildopa, labetaloli au nifedipini ya muda mrefu.

Kuna pia michanganyiko. Losartani pamoja na kaptoprili au enalaprili haiongezi faida. Utafiti wa ONTARGET wa mwaka 2008 ulijaribu jozi ya namna hiyo, telmisartani na ramiprili, na kilichoongezeka kilikuwa tansio kushuka mno na figo kuumia. Hapa jozi hiyo inatokea kwa bahati mbaya, mgonjwa akiwa na ordonansi mbili kutoka zahanati mbili. Diklofenaki na ibuprofeni zinabana mshipa unaoleta damu kwenye chujio la figo. Zikikutana na losartani na dawa ya kukojoza, figo inakosa damu mbele na shinikizo nyuma. Kwa maumivu, parasetamoli. Kotrimoksazoli, inayomezwa kila siku na wengi wenye virusi vya UKIMWI, inapandisha potasiamu, na ikikutana na losartani potasiamu ipimwe mara kwa mara. Flukonazoli, dawa ya fangasi, inalizuia ini kuigeuza losartani kuwa yule mtoto mwenye nguvu. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume, inaiharakisha kutoka mwilini, na kiasi kilicho kwenye damu kinapungua kwa zaidi ya theluthi. Tansio ikipanda mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu, usimlaumu mgonjwa kwamba hamezi.

Ukiwa dirishani kununua

Chukua plakete nzima iliyofungwa, yenye jina, miligramu, namba ya loti na tarehe ya kuisha kwenye karatasi yenyewe. Vidonge vilivyomwagwa kwenye mfuko wa plastiki sokoni usivichukue hata kwa bure: losartani inavuta unyevu, na mvua za Bukavu hazina huruma. Kidonge kizima kina ngozi laini isiyopasuka. Kikiwa na madoa, kimevimba au kinaacha unga kidoleni, kirudishe. Nyumbani kikae ndani ya plakete yake hadi saa ya kumeza, mbali na jiko na dirisha, chini ya digrii 30.

Andika namba ya loti kwenye daftari lako la tansio. Mwaka 2018 na 2019 valsartani na losartani za viwanda kadhaa ziliondolewa sokoni katika nchi nyingi kwa sababu ya nitrosamini, uchafu unaoweza kusababisha kansa, na aliyekuwa na namba ya loti ndiye aliyeweza kujua kama vidonge vyake vimo. Ukibadilishiwa kiwanda mwezi huu, pima tansio asubuhi kwa siku 7 kabla ya kidonge, na uweke namba hizo karibu na za kiwanda cha kwanza. Tofauti ya 10 au zaidi kwa wastani, chumvi na saa ya kumeza vikiwa vilevile, ni sababu ya kurudi farmasi na plakete mkononi na kuomba ile ya mwanzo.